Mvuke Nyumbani: Kwa Nini Rejeta Hugonga, na Kwa Nini Huwa Baridi

Vijana wa shule yetu wanaokuja kusoma au kufanya kazi katika miji ya kaskazini ya Marekani hunipigia simu kila mwaka, na simu hizo huanza mwezi wa Novemba. Hawaniulizi habari za masomo. Huniuliza juu ya chuma kikubwa kilicho chini ya dirisha la chumba chao. Mmoja asema chake kinagonga usiku kucha kama kwamba kuna mtu ndani yake mwenye nyundo. Mwingine asema chake hakijapata moto tangu siku aliyohamia. Wa tatu asema chake kina moto mno, hata yeye hulala dirisha wazi na theluji iko nje. Ajabu ni kwamba mara nyingine wote watatu wanakaa katika nyumba moja. Maadamu kazi yangu katika mji wa New York ni kutunza mitambo hii, mhariri wa kurasa zetu za Kiswahili ameniomba nieleze jinsi inavyofanya kazi, mambo yanayoiharibu, na namna ya kuirudisha katika usawa. Nimekubali kwa furaha, kwani elimu hii hata Wamarekani wenyewe wengi wameisahau.

Chuma hicho ni rejeta. Jina ni lile lile la rejeta ya motokaa, lakini kazi ni kinyume: ya motokaa hutupa joto lisilotakiwa, na ya nyumba huleta joto linalotakiwa. Majumba mengi ya New York yaliyojengwa mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 hupata joto lake kwa mvuke. Chini ya nyumba, katika chumba kilichochimbwa ardhini, kuna boila inayochemsha maji kwa gesi au kwa mafuta. Mvuke hupanda katika bomba kuu linalozunguka chini ya dari ya chumba hicho, kisha hupanda katika mabomba ya wima hata kuzifikia rejeta za kila orofa. Ukigusa chuma baridi hugeuka maji, na maji hayo huteremka kwa uzito wake mwenyewe mpaka kwenye boila ili yachemshwe tena. Hakuna pampu wala mashine ya kusukuma. Katika nyumba nyingi ndogo za zamani kila rejeta ina bomba moja tu: mvuke wapanda humo, na maji yateremka humo humo. Mtambo huo wa bomba moja ndio nitakaoueleza, maana ndio wenye matata na ndio ambao vijana wetu wanaukuta.

Huenda msomaji akauliza kwa nini watu walichagua mvuke badala ya kupeleka maji ya moto tu. Aliyewahi kumtazama mama yake akipika matoke amekwisha kuliona jibu. Ndizi hazimo ndani ya maji. Zimefungwa katika majani ya mgomba juu ya maji, na mvuke ndio unaozipika. Na aliyefunua majani yale kwa pupa akaunguzwa mkono ajua kwamba mvuke huunguza kuliko maji yanayochemka. Sababu yake yapimika. Kupasha moto kilo 1 ya maji kutoka baridi ya barafu hata kiwango cha kuchemka kwataka kilojuli 419 hivi. Lakini kuyageuza maji hayo hayo yanayochemka yawe mvuke, bila kipimajoto kupanda hata digrii moja, kwataka kilojuli 2,257, yaani zaidi ya mara 5. Joto hilo lote limejificha ndani ya mvuke, nalo hutoka mahali pale pale mvuke unapogeuka kuwa maji tena. Kwa hiyo mvuke ni mchukuzi hodari sana wa joto: mzigo mkubwa, gharama ndogo ya safari.

Jambo la pili la kujua ni nguvu ya msukumo wa mvuke huo. Wazee waliosoma zamani za magari ya moshi watakumbuka injini kubwa za Garratt za daraja la 59, zilizokuwa zikivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Moja yao, namba 5918, ingali yaonekana katika jumba la makumbusho la reli huko Nairobi. Mvuke wa injini hizo ulikuwa na msukumo wa ratili 225 kwa kila inchi ya mraba, maana ulitakiwa kuvuta gari moshi zima mlimani. Watu husikia neno boila wakafikiri ya nyumbani ni vivyo hivyo. Sivyo hata kidogo. Mtambo wa nyumba hutaka ratili 1 na nusu tu kwa kila inchi ya mraba, na mara nyingi nusu ratili yatosha. Hauvuti kitu. Wataka tu kufika.

Tena mvuke haufiki kwa kusukumwa sana. Lita 1 ya maji ikichemshwa hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Mvuke huo ukipoa juu ya chuma hurudi kuwa lita 1 ile ile ya maji, na nafasi uliyoiacha huvuta mvuke mwingine uliofuata nyuma. Hivyo rejeta baridi yenyewe huuita mvuke, mradi njia iwe wazi.

Njia hiyo ndiyo yenye kisa, kwani rejeta iliyo baridi si tupu. Imejaa hewa, na bomba lake limejaa hewa. Mvuke na hewa haviwezi kukaa mahali pamoja, basi mpaka hewa itoke, mvuke hauingii. Ndiyo maana upande wa rejeta ulio mbali na bomba pamefungwa kidude kidogo cha chuma, kiasi cha kidole gumba au zaidi. Mimi hukiita kipumulio. Hewa ikisukumwa na mvuke hutoka humo kwa mlio mdogo. Mvuke ukifika, joto lake huamsha kitu kilichomo ndani: katika aina nyingi ni kijichupa cha bati chenye kimiminiko kinachovimba kwa joto. Kijichupa kikivimba huziba tundu, mvuke usitoke. Boila ikizimwa na rejeta ikipoa, kipumulio hufunguka tena na hewa hurudi ndani. Mara nyingi kwa siku, mchana na usiku, mtambo mzima huvuta pumzi na kuitoa. Fundi mzuri husikiliza pumzi hiyo kabla ya kufungua sanduku la spana.

Sasa nieleze kosa linalofanywa kuliko yote. Mpangaji wa orofa ya juu hulalamika kwamba ana baridi. Mwenye nyumba hushuka kwenye boila, akaona kijisanduku kinachotawala msukumo, akakikaza ili mvuke uwe na nguvu zaidi. Afikiri kwamba mvuke dhaifu ndio umeshindwa kupanda ngazi! Mvuke hauchoki kupanda. Kilichouzuia ni hewa iliyofungiwa, na kukaza msukumo huleta maovu mengine juu ya lile la kwanza. Baadhi ya vipumulio, msukumo ukiwa mkubwa, hujifunga visifunguke tena. Tena kila ratili 1 ya msukumo yaweza kuyainua maji kiasi cha inchi 28 katika bomba linalorudi kwenye boila. Zidisha ratili, na maji yaliyotakiwa kurudi yatasimama juu katika bomba, mahali ambapo mvuke wapita. Hapo ndipo vipumulio hutema maji ukutani na mabomba huanza kugonga. Na gesi inaungua bure.

Nilipata kuitengeneza nyumba moja ya orofa tatu huko Brooklyn iliyokuwa na ugonjwa huu barabara. Orofa ya chini ilikuwa na digrii 77 za Fahrenheit, yaani 25 za Celsius, na wenyeji wake walivaa fulana mwezi wa Januari. Orofa ya tatu, alipokaa bibi mmoja mzaliwa wa Jamaica aliyepita miaka 80, ilikuwa na digrii 59, yaani 15. Fundi aliyetangulia alikuwa ameupandisha msukumo hadi ratili 7. Bibi yule alikuwa ameiwasha oveni yake ya gesi, mlango wazi, na kiti chake amekiweka mbele yake. Nikamwomba aizime. Akanijibu, "Mwanangu, nikiizima nitalala na nini?" Sikuwa na jibu la maneno. Nikateremka chini.

Swali lake ndilo uzito wa kazi hii, na wasomaji wasidhani naongeza chumvi. Oveni ya gesi inayowaka saa nyingi katika chumba kilichofungwa yaweza kutoa ile hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo kwetu huua watu wanaolala na sigiri ya makaa ndani ya nyumba. Asiye na oveni hununua jiko la umeme. Tarehe 9 Januari 2022, katika jengo la orofa 19 huko Bronx, jiko la umeme lenye hitilafu liliwasha moto. Moshi ulipanda ngazi kwa sababu milango iliyotakiwa kujifunga yenyewe haikujifunga. Watu 17 walikufa, 8 kati yao watoto, na wengi walikuwa wa jamaa zilizotoka Gambia. Jiko lile lilikuwa limewashwa ili kuongeza joto la chumba. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba rejeta baridi ni jambo la usumbufu tu, huwa siafikiani naye.

Turudi Brooklyn. Kwanza niliacha boila ipoe, nikasoma kioo cha maji. Kioo hicho husimama ubavuni mwa boila na huonyesha maji yamefika wapi. Kwa boila nyingi yafaa yawe kati ya nusu na theluthi mbili za kioo. Yalikuwa sawa. Kisha nikawasha, nikashika saa. Kutoka kwenye boila ile yalitoka mabomba makuu mawili: moja fupi lililokwenda upande wa barabarani, na moja refu lililokwenda uani. Tangu maji yalipoanza kutoa mvuke, mwisho wa bomba fupi ulipata moto kwa dakika 6. Mwisho wa bomba refu ulipata moto kwa dakika 25.

Dakika hizo ndizo zilizokuwa siri yote. Kile chombo cha ukutani kinachoamuru boila iwake au izimike, yaani thamostati, kilikuwa orofa ya chini, upande wa bomba fupi. Mvuke ukaifikia sebule ile upesi, thamostati ikaridhika, ikaizima boila. Wakati huo mvuke wa bomba refu ulikuwa ungali njiani kwenda kwa bibi. Ungeweza kukaza msukumo mpaka ratili 10, na bibi angebaki na baridi yake.

Mwisho wa kila bomba kuu hapana budi pawe na kipumulio kikubwa, ili bomba lote litoe hewa kabla mvuke haujaanza kupanda kwenye vyumba. Nilikikuta cha bomba refu kimeshikwa na kutu, hakipitishi hata pumzi. Nikakitoa, nikaweka viwili vikubwa, kwani hewa ya bomba refu ni nyingi kuliko ya bomba fupi. Nikaurudisha msukumo: boila ijizime ifikapo ratili 1 na nusu, na iwake tena ishukapo hadi nusu ratili. Nikasafisha na kijibomba kilichopindwa kama mkia wa nguruwe ambacho hupeleka msukumo kwenye kijisanduku kinachoutawala. Kijibomba hicho kikizibwa na tope, kijisanduku huwa kipofu, hata ukikiweka sawasawa. Baada ya kazi hiyo nikashika saa tena: bomba fupi dakika 6, bomba refu dakika 7.

Hapo ndipo mtu anaweza kuanza kusawazisha vyumba, wala si kabla. Kanuni yenyewe ni hii: mabomba makuu yatoe hewa haraka kabisa, na rejeta zitoe hewa polepole. Vipumulio vya rejeta huuzwa kwa ukubwa mbalimbali wa tundu, na viko ambavyo mtu aweza kuviongeza au kuvipunguza mwenyewe. Rejeta iliyo karibu na boila, au iliyo katika chumba kidogo, au iliyo katika chumba chenye thamostati, ipewe tundu dogo. Iliyo mbali, au kubwa, au iliyo katika chumba cha pembeni chenye kuta mbili za nje, ipewe tundu kubwa kidogo. Nasema kidogo kwa makusudi. Tundu likizidi, mvuke huingia kwa kasi hata maji yakakosa nafasi ya kuteremka katika bomba lile moja, na rejeta huanza kuguna na kutema.

Tena usibadili vitu viwili kwa siku moja. Chukua vipimajoto vya bei nafuu, weka kimoja katika kila chumba, uandike katika daftari asubuhi na jioni. Badili kipumulio kimoja, ngoja siku mbili tatu, usome tena. Wenye haraka hubadili vyote Jumamosi moja, na Jumatatu hawajui ni kipi kilichosaidia. Nyumba ile ya Brooklyn ilinichukua muda wa majuma mawili, ijapokuwa kazi ya spana yenyewe haikufika siku moja. Mwishowe orofa ya chini ilikuwa na digrii 70, na ya tatu 68. Msishangae kama siku isiyo na baridi kali rejeta ina moto nusu tu na nusu ya pili ni baridi. Chumba kikiwa na joto lake, rejeta imetimiza kazi, wala haina haja ya kujaa.

Na ile nyundo ya usiku? Hiyo ni maji. Mvuke ukipita kwa kasi juu ya maji yaliyotuama huyainua, huyabeba kama jiwe, na huyapiga kwenye pembe ya bomba. Basi mwenye kutafuta mgongo huo atafute mahali maji yanapotuama. Mahali pa kwanza ni rejeta yenyewe. Yatakiwa iinamie upande wa bomba, ili maji yarudi. Lakini rejeta ni chuma kizito, na kwa miaka 80 au 100 miguu yake huzama katika sakafu ya mbao, hata pengine ikainamia upande usiofaa. Weka pima maji ya mwashi juu yake, uone. Dawa ni kipande cha ubao chini ya miguu ya upande wa mbali. Mahali pa pili ni koki ya rejeta. Katika mtambo wa bomba moja, koki hiyo huwa wazi kabisa au imefungwa kabisa. Wapangaji huifunga nusu, wakidhani wanapunguza joto kama mtu apunguzavyo maji ya bomba la shambani. Wanachofanya ni kubana njia, mvuke wapenya kuingia na maji yashindwa kutoka, na kelele yaanza. Mahali pa tatu ni bomba kuu lililolegea kwenye vishikio vyake likafanya tumbo katikati. Hapo fundi huliinua kwa kishikio kipya.

Mabomba hayo makuu zamani yalivikwa koti nene ili mvuke usipoe njiani. Koti hilo mara nyingi lilitengenezwa kwa asbesto, na ilipojulikana kwamba vumbi lake huleta saratani, watu wengi waliliondoa na hawakurudisha kitu kingine. Mabomba yaliyo uchi huugeuza mvuke kuwa maji kabla haujafika chumbani, na maji hayo yote hubaki bombani kuongeza matata. Siku hizi huvikwa nyuzi za kioo. Lakini ukiona koti la zamani, jeupe au la kijivu, limechanika, usiliguse wala usilifagie. Kuna watu wenye leseni ya kazi hiyo.

Huenda mwerevu akauliza kwa nini wale wa orofa ya chini walipata joto mno hata kabla ya mambo kuharibika. Jibu laenda nyuma hata homa kuu ya mwaka 1918. Wakati ule wakubwa wa afya wa Marekani walisisitiza hewa safi, hata madirisha yakaachwa wazi wakati wa baridi. Mafundi wakazipima boila na rejeta kubwa kiasi cha kutosha siku ya baridi kali kuliko zote, dirisha likiwa wazi. Homa ikapita, madirisha yakafungwa na mengine yakawekwa vioo viwili, rejeta zikabaki na ukubwa ule ule. Ndiyo maana hata leo ukipita katika mitaa ya New York mwezi wa Februari utaona madirisha wazi orofa hata orofa. Dawa ya chumba chenye joto mno ni kipumulio chenye tundu dogo, au kile chenye kipimajoto chake ambacho huzuia hewa isitoke chumba kikisha kupata joto. Wengine huipaka rejeta rangi ya fedha kwa ajili ya uzuri. Rangi hiyo, kwa kuwa ina unga wa alumini, hupunguza joto linalotoka. Rangi yoyote ya kawaida, hata nyeupe, hutoa joto zaidi. Mtu wa orofa ya tatu asiipake ya fedha!

Yapo mambo machache ambayo mpangaji mwenyewe aweza kufanya bila fundi. Aone kama koki i wazi kabisa. Asikilize kipumulio mtambo unapoanza: kisipotoa hewa na rejeta ni baridi, kimeziba, na kikitoa mvuke bila kukoma, kimeharibika kwa upande wa pili. Kilichoziba pengine hufufuka kikichemshwa katika siki, lakini kipya ni bora na bei yake si kubwa. Kufungua kipumulio ni kwa mkono tu, baada ya kuhakikisha kwamba boila imezimwa na rejeta ni baridi kabisa. Sharti hili lisichezewe. Mwezi wa Desemba 2016, huko Bronx, watoto wawili wachanga wa tumbo moja walikufa kwa kuunguzwa na mvuke uliotoka katika rejeta yenye kasoro chumbani walimolala. Msukumo wa mvuke ni mdogo, naam, lakini zile kilojuli 2,257 zimo ndani ya kila kilo yake. Kitanda cha mtoto kisiwekwe karibu na rejeta ya mvuke, hata kama inaonekana nzima.

Yale ya boila ni ya mwenye nyumba au mtunzaji wake, na mpangaji asiyaguse. Hata hivyo yafaa ajue haki yake. Sheria ya mji wa New York yasema kwamba kutoka 1 Oktoba hata 31 Mei, kati ya saa 12 asubuhi na saa 4 usiku, nje kukiwa chini ya digrii 55 za Fahrenheit, ndani ya nyumba pasipungue digrii 68, yaani 20 za Celsius. Usiku pasipungue 62, yaani 17 hivi, nje kuwe na hali yoyote. Anayekosa joto hilo amwarifu mwenye nyumba kwanza, na asiposikilizwa apige simu ya mji, namba 311. Aandike digrii na saa katika daftari, maana daftari ni shahidi anayeaminika kuliko kulalamika.

Kwa wale wetu watakaopata kazi ya kutunza nyumba, kama nilivyopata mimi, waanze na maji. Boila nyingi zina chombo cha kuizima maji yakipungua. Kile cha kuelea hukusanya tope, basi kila juma maji yake yamwagwe katika ndoo mpaka yatoke safi, boila ikiwa inawaka, ili kuona kama kweli chaizima. Ukiongeza maji, andika ni kiasi gani. Boila inayotaka maji mapya kila siku ina mahali inapovuja, pengine katika bomba lililofukiwa sakafuni, na kila maji mapya huleta hewa mpya inayoila chuma kwa kutu. Na ukikuta kioo hakina maji kabisa na boila ina moto, zima, ondoka, uiache ipoe yenyewe kwa saa nyingi. Maji baridi juu ya chuma kitupu chenye moto hukipasua, na boila ya nyumba nzima hainunuliki mwezi wa Januari kwa siku moja.

Anayetaka kuingia ndani zaidi atafute kitabu cha Dan Holohan kiitwacho The Lost Art of Steam Heating, kilichotoka mwaka 1992. Kwa Kiswahili jina lake ni kama kusema ufundi uliopotea wa kupasha nyumba joto kwa mvuke. Mafundi wengi wa New York walio na nywele nyeupe wanacho, kurasa zake zimetapakaa mafuta na kutu, na ukimwomba mmoja wao akuazime atakuambia ukae hapo hapo ukisome mbele yake.